Boti Ikitoka Majini: Uzito Unapita Wapi Ndani ya Trela

Maji hubeba boti kwa tumbo lake lote. Boti ya faiba ya mita 6, yenye uzito wa kilo 1,200 na vitu vyake vyote, ikielea imetulia huwa imelalia kama mita za mraba 6 za maji. Kila sentimita ya mraba ya tumbo lake inabebwa kwa gramu 20 tu. Ilaze boti hiyohiyo juu ya mbao mbili za urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 9, na mzigo kwa sentimita ya mraba unafika gramu 220, tena kwa kudhani kwamba mbao zimegusa tumbo toka mwanzo hadi mwisho, jambo lililo nadra. Ilaze juu ya rola 16, kila moja ikigusa eneo la sentimita 2 kwa 8, na sasa ni kilo 4.7 kwa sentimita ya mraba. Tumbo lile lile sasa linabanwa kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili ya ile ya maji, na bado gari halijaondoka.

Ndiyo maana trela ya boti inapaswa kubuniwa kutoka juu kushuka chini. Kwanza ujue boti ina nguvu wapi, uweke egemeo hapo, kisha uutafutie uzito njia fupi kuliko zote ya kufika kwenye magurudumu. Trela nyingi hutengenezwa kinyume: fremu inachomelewa kwanza, ekseli inafungwa katikati kwa kukisia, kisha mbao zinalazimishwa kufuata boti. Trela ya namna hiyo huvuta vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu tumbo la boti lina bonde, na hakuna anayejua lilitoka wapi.

Boti ina mifupa yake

Ndani ya boti ya faiba, chini ya sakafu, kuna mihimili miwili au minne inayokwenda kutoka omo (mbele ya boti) hadi tezi (nyuma yake). Hiyo ndiyo mifupa. Ngozi iliyo kati yake ni nyembamba, imekusudiwa kusukumwa na maji yaliyosambaa, si kuchomwa na rola moja. Mbao za kulalia zinapaswa kupita chini ya mihimili hiyo. Kuipata si kazi ngumu: fungua tundu la ukaguzi la sakafuni, pima kutoka mstari wa kati hadi kwenye mhimili, kisha hamishia kipimo hicho nje. Kama hakuna tundu, gonga tumbo kwa kifundo cha kidole ukienda pembeni polepole. Mahali patupu hulia kama ngoma, na penye mhimili sauti hufa.

Boti ya mbao ina desturi nyingine. Uzito wake wote uende kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), kwa rola pana au kwa gogo lililolala chini yake, na mbao za pembeni ziwe za kuzuia isilale upande tu. Mbao hizo za pembeni ziguse penye mataruma (mbavu za boti), zisiguse ubao mtupu kati ya taruma na taruma. Mashua yenye mkuku mrefu uliojaa risasi au chuma nayo hufuata kanuni hiyo: mkuku unabeba, pembeni panashika. Ukikaza egemeo za pembeni mpaka nazo zibebe, unaisukuma ngozi ya chombo ndani pande zote mbili.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni tezi. Mashine ya nje ya kilo 180 imening'inia nyuma ya kibao cha tezi, na kitovu chake cha uzito kiko kama sentimita 40 nyuma ya kibao hicho. Mbao za kulalia zikiishia sentimita 20 kabla ya tezi, kipande hicho cha boti kinakuwa tawi lililobeba mashine. Kidogo kidogo tumbo linapinda pale mbao zinapoishia. Bonde linalotokea mbele kidogo ya tezi lina athari inayojulikana vizuri: boti ikikimbia, omo inazama badala ya kuinuka, mwendo unapungua, na usukani unakuwa mzito. Watu hubadilisha panga la mashine (propela) mara tatu wakitafuta tatizo ambalo lilianzia kwenye trela. Mbao ziende hadi chini ya kibao cha tezi na zipite sentimita 2 hadi 5. Zisiwe fupi hata kidogo.

Safarini mashine huinuliwa ili isigonge barabara, na ikiinuliwa kitovu chake kinasogea nyuma zaidi. Gari likiingia shimoni, mzigo unaweza kufika mara mbili au tatu ya ule wa kusimama. Kilo 180 kwa wenzo wa sentimita 40 ni kilogramu-mita 72 ukiwa umesimama. Ndani ya shimo zinaweza kupita 180. Fimbo ya chuma kutoka mwisho wa fremu ya trela hadi kwenye mguu wa mashine huuondoa mzigo huo kwenye kibao cha tezi na kuupeleka kwenye fremu. Ni kipande kidogo chenye faida kubwa.

Mbao, rola na vishikizo

Rola hurahisisha kupakia na kushusha, hasa pale ambapo mteremko ni mfupi na trela haiwezi kuzama vya kutosha. Kwa boti nzito ya faiba inayokaa juu ya trela miezi mingi, mbao ni bora, kwa sababu ya hesabu ile ya mwanzo. Ukichagua rola, ziwe nyingi, ziwe kwenye mikono inayocheza ili zigawane uzito zenyewe, na zote ziwe chini ya mihimili. Rola moja iliyogoma kuzunguka huchimba faiba kama patasi.

Ubao wa milimita 50 kwa 100 ukisimamishwa wima ni mgumu mara nne ya ukiulaza, lakini unagusa boti kwa sentimita 5 badala ya 10. Ukilazwa unagusa vizuri ila unapinda kati ya vishikizo, yaani vyuma vinavyoubeba juu ya fremu. Kwa boti yenye tumbo la umbo la V ni heri ubao ulazwe na vishikizo viwe karibu karibu, kila sentimita 60, kuliko ubao wima wenye vishikizo viwili tu. Ubao unaopinda kidogo si kosa: unafuata umbo la tumbo. Kosa ni ubao mgumu ulionyooka chini ya tumbo lenye mkunjo, kwa maana hapo boti inalala kwenye ncha mbili tu na katikati pako wazi. Kishikizo cha mbele kiwe na pini inayocheza ili ubao ujipange wenyewe boti inapotua.

Mbao zifungwe kwa bolti zilizozamishwa angalau milimita 10 chini ya uso wa mbao. Zulia linalofunika mbao linasagika, na siku kichwa cha bolti kitakapotokeza kitachora boti kutoka omo hadi tezi kila unapoishusha. Pini za kushikia zulia ziwe za chuma kisichoshika kutu, nazo zipigwe upande wa pembeni na chini, kamwe si juu. Boti ya alumini ina sharti moja zaidi: usiilaze kwenye mbao zilizotiwa dawa yenye shaba. Shaba, alumini na zulia lililolowa maji ya chumvi vinafanya kazi ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Tumia mbao zisizo na dawa hiyo, au weka bamba la plastiki gumu katikati.

Kujua kama mbao zimegusa kweli, paka chokaa ya ubaoni juu ya zulia kavu, shusha boti polepole, kisha iinue tena. Alama iliyobaki tumboni inakuambia yote. Mstari mmoja mrefu usiokatika ni kazi njema. Ukiona madoa mawili mbele na nyuma, legeza vishikizo vya katikati, vipandishe mpaka viguse, kaza, rudia. Fundi mwenye subira hufanya hivi mara nne au tano, na kila mara anapandisha kwa milimita chache tu.

Fremu: kuna tofauti gani kati ya bomba na chaneli

Chini ya vishikizo kuna boriti za mkingamo, na chini yake boriti mbili ndefu zinazokutana mbele kwenye mkono wa kuvutia. Boriti za mkingamo zikae karibu na vishikizo kadiri inavyowezekana. Kishikizo kinachosimama sentimita 30 mbali na boriti kinaomba kitu cha kuegemea, na kitu hicho kitakuwa mshono wa weldi.

Chaneli (boriti ya umbo la U, iliyo wazi upande mmoja) ya milimita 100 kwa 50, yenye unene wa milimita 4, na bomba la mstatili la vipimo hivyohivyo hazitofautiani sana zikibeba mzigo wa kuzikunja wima. Zisokote, na hapo tofauti inatisha: bomba ni gumu zaidi ya mara mia mbili dhidi ya msokoto. Gurudumu moja likipanda juu ya jiwe na jingine likabaki chini, fremu ya chaneli tupu inajisokota, mbao zinafuata, na mwisho boti yenyewe ndiyo inayogeuzwa kuwa kiimarisho cha trela. Mipasuko midogo ya rangi kwenye pembe za sitaha mara nyingi hutoka hapo. Chaneli ina wema wake: unaona ndani, unaiosha, unaipaka rangi. Bomba hushika chumvi na maji ndani na kuoza kimya kimya. Kwa trela inayozamishwa kwenye maji ya chumvi, bomba liwe limezamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, ndani na nje, na liwe na matundu ya kutolea maji kwenye ncha zote za chini.

Zinki hiyo huwa kwenye joto la kama nyuzi 450 za Selsiasi. Bomba lililozibwa pande zote likitumbukizwa humo, hewa na unyevu uliofungiwa ndani hupanuka ghafla na bomba linaweza kulipuka. Kwa hiyo matundu yanatobolewa kabla, na uchomeleaji wote uishe kabla. Kuchomelea juu ya zinki baadaye kunaondoa kinga mahali palepale panapoihitaji zaidi, na moshi wake ni sumu.

Mkono wa kuvutia unastahili hesabu yake. Chukua trela na boti vyenye jumla ya kilo 1,500, na kilo 105 zinazokalia tufe la gari, yaani mpira wa chuma wa kufungia trela. Tuseme kutoka tufe hadi mahali fremu inapoanza kushikwa vizuri ni mita 2, na mkono ni bomba moja la 100 kwa 50 kwa 4, limesimama. Gari likiwa limetulia, mkazo kwenye chuma ni megapaskali 71. Ukizidisha mara tatu kwa ajili ya mashimo, ni 214. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kupinda bila kunyooka tena kwenye 235. Umenusurika kwa unywele. Bomba hilohilo likilazwa kwa ubapa mkazo unafika 326, na mkono unapinda siku ya kwanza. Ukitumia bomba la 120 kwa 60 kwa 5, likisimama, mkazo unashuka hadi 120. Kwa kilo chache za chuma za ziada umekaribia kuupunguza nusu.

Kwa nini 214 haitoshi ilhali ni chini ya 235? Kwa sababu chuma huchoka. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alionyesha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba ekseli za treni huvunjika kwa mizigo midogo isiyoweza kuzivunja kwa mara moja, endapo mizigo hiyo itarudiwa vya kutosha. Trela hurudia kila mita ya barabara mbovu. Ufa huanza penye weldi, penye tundu, na penye kona kali. Bapa la chini la boriti, katikati ya egemeo na egemeo, ndilo linalovutwa zaidi, na hapo usitoboe wala usichomelee kukatiza. Boriti ya mkingamo ifungwe kwa yubolti (bolti za umbo la U) zinazoizunguka boriti ndefu, au ichomelewe kwenye ukuta wa kati ambako mkazo ni mdogo.

Alumini ni nyepesi na haili kutu nyekundu, lakini ugumu wake ni theluthi moja ya ule wa chuma. Boriti ya alumini inayotaka kulegea sawa na ya chuma lazima iwe na kimo kikubwa zaidi, ndiyo maana trela hizo huonekana na boriti ndefu wima za umbo la I. Tena alumini haina kiwango cha chini cha mkazo ambacho chini yake haichoki kabisa. Ifungwe kwa bolti, isichomelewe ovyo, na kila inapokutana na chuma pawe na plastiki katikati.

Ekseli ikae wapi

Pima uzito kwa vitu vyote vikiwamo. Bodi kilo 800, mashine 180, petroli lita 120 ambazo ni kilo 89, betri mbili 50, nanga na mnyororo 25, vifaa vingine 56: ndizo hizo 1,200. Trela yenyewe 300. Ukinunua ekseli kwa kusoma uzito wa bodi peke yake kwenye karatasi za boti, umeshakosea kwa kilo 400. Kwa kilo 1,500 ekseli ya kilo 1,800 inaacha nafasi ya kutosha. Kizibo cha maji cha boti kiwe kimetolewa boti inapokaa nje: mvua ikijaza lita 200 ndani, ni kilo 200 nyuma kabisa.

Trela za kawaida hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ukalie tufe. Za boti, kwa kuwa mashine iko nyuma na mkono ni mrefu, huenda vizuri kwa asilimia 5 hadi 10, mradi usivuke kikomo cha gari lenyewe. Chini ya hapo trela inaanza kuyumba kwenye mwendo na haitulii. Juu ya hapo nyuma ya gari inakaa na magurudumu ya mbele yanakosa mshiko. Kutoka tufe hadi ekseli kukiwa mita 5 na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 35 mbele ya ekseli, tufe linabeba kilo 105, yaani asilimia 7. Ukisogeza ekseli nyuma sentimita 10, tufe linaongezewa kilo 27 hivi. Kwa hiyo usichomelee vishikilia springi kabla ya kupakia boti na kupima.

Kupima hakuhitaji mashine kubwa. Weka tofali upande mmoja na mizani ya kupimia watu upande mwingine, katikati yao pawe na sentimita 90, ulaze ubao imara juu yake, kisha teremsha mkono wa trela kwenye ubao sentimita 30 kutoka tofali. Mizani itaonyesha theluthi moja ya uzito. Zidisha mara tatu. Trela iwe imelala sawa na kwa kimo chake cha safarini, magurudumu yakiwa yamezuiwa.

Springi za mabamba hupokea mzigo kwenye ncha mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na kwa trela ya ekseli mbili kuna wenzo katikati unaozigawia mzigo sawa. Ekseli za mpira wa msokoto ni tulivu na hazina bamba za kuoza, lakini kila moja inajitegemea. Mkono wa trela ukiwa juu kuliko unavyotakiwa, ekseli ya nyuma inabeba zaidi na tairi zake zinapasuka kwanza. Trela ya namna hiyo lazima ivutwe ikiwa imelala sawa kabisa.

Kamba, nguzo ya winchi na nyufa

Winchi ni ya kupandishia boti, si ya kuishikilia. Gari likifunga breki kwa nguvu, boti ya kilo 1,200 inaweza kusukuma kizuizi cha omo kwa nguvu ya kilo 800 na zaidi. Nguzo ya winchi yenye kimo cha sentimita 80 iliyosimama kwa bolti mbili haiwezi kuhimili hilo peke yake. Iwekewe mguu wa mshazari unaoelekea mbele, nayo ifungwe kwa yubolti na bamba. Pete ya omo iingie chini ya kizuizi, ili boti isiruke juu. Nyuma, mikanda miwili kutoka pete za tezi kushuka kwenye fremu, mmoja kila upande. Boti isiyofungwa nyuma huruka na kutua juu ya mbao zake kila shimo, na hapo mizigo yote tuliyoihesabu inakuwa pigo la nyundo.

Kaza nati zote tena baada ya kilomita 100 za kwanza. Mbao hubonyea, rangi na zinki hukaa, na bolti iliyokazwa vizuri juzi inakuwa imelegea.

Baada ya hapo kagua mahali panne: mkono unapoingia kwenye boriti ya kwanza ya mkingamo, vishikilia springi, vitako vya vishikizo vya mbao, na kitako cha nguzo ya winchi. Osha, kausha, tazama kwa tochi kutoka pembeni. Mstari mwembamba wa kahawia kando ya weldi, unaorudi siku chache baada ya kuufuta, ni ufa. Usiupake rangi. Toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye ncha yake ili usiendelee, saga ufa kwa umbo la V, chomelea, kisha weka bamba la kuimarisha lenye umbo la almasi, ncha zake zikielekea kwenye urefu wa boriti. Bamba la mraba lina mshono unaokatiza boriti, na ufa unaofuata utaanzia pembezoni mwake. Chomelea kingo za mshazari tu, acha ncha mbili bila weldi kwa sentimita moja au mbili, na mahali paliposagwa zinki papakwe rangi yenye zinki nyingi siku hiyohiyo, kabla ya umande.